Tairi ya gari lako si "ya kumi na saba" tu

Msimu wa korosho ukikaribia, simu nyingi zinazoingia dukani kwetu hapa Mtwara huanza hivi: "Mna tairi za kumi na saba?" Tunazo. Ila 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, basi. Haisemi tairi ina upana gani, wala inabeba kilo ngapi. Na kwa pikapu inayoshuka kutoka Newala au Tandahimba na magunia nyuma, hilo la kilo ndilo la kuuliza kwanza.

Tazama ubavuni mwa tairi. Pikapu nyingi utakuta 265/65R17 112S. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, kama milimita 172. R ni radiali, yaani jinsi nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa; karibu tairi zote siku hizi ndivyo zilivyo. S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa.

112 ndiyo inayorukwa na wengi. Si kilo 112, ni namba ya jedwali la uzito: tairi moja inabeba hadi kilo 1,120 ikiwa na upepo unaotakiwa. Sasa chukua 225/65R17, saizi ya RAV4. Nayo ni "ya kumi na saba", lakini mara nyingi huandikwa 102, yaani kilo 850. Piga hesabu ya ekseli ya nyuma: mbili za kwanza zinabeba kilo 2,240, mbili hizi 1,700. Umepungukiwa kilo 540 palepale mzigo unapokaa. Tairi iliyozidiwa hupinda ubavu kila inapozunguka, inapata joto, nyuzi za ndani zinaachana, halafu inapasuka gari likiwa kwenye mwendo. Tunazipokea hizo tairi kila msimu, na inatuuma, kwa sababu namba ilikuwa imeandikwa pale pale.

Wenye Hiace, angalieni herufi C, mfano 195R15C 106/104. Hiyo ni tairi ya mzigo. Namba ya kwanza ni ya tairi ikiwa moja kila upande, ya pili ni zikifungwa mbilimbili. Usiitoe ukaweka ya gari dogo kwa sababu tu imeingia kwenye rimu. Na tairi ya kilo nyingi haiongezi uwezo wa gari lenyewe; springi na breki ni zilezile.

Kuna wanaotaka gari linyanyuke kwa ajili ya mchanga. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo cha tairi kinakua milimita 26 hivi. Spidi mita ikisoma 80, wewe uko karibu 83, na ukikata kona tairi inaweza kugusa madigadi. Kwenye mchanga afadhali upunguze upepo kidogo, ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Saizi sahihi imeandikwa kwenye stika, fungua mlango wa dereva uangalie nguzoni. Magari yaliyotoka Japani huandika upepo kwa kipimo cha kPa: 200 ni kama 29 kwa kipimo cha psi. Ukija dukani au ukituma mtu, piga picha ya stika hiyo na ya ubavu wa tairi, utuambie pia unabeba nini na unapita njia gani. Kwa tairi ya mtumba, omba kuona tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, ndizo zinazosema ilitengenezwa lini: 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022.