Stesheni ya Kima ihifadhiwe pale pale ilipo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu stesheni ya zamani ya Kima, kaunti ya Makueni.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanahifadhi behewa ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, aliuawa na simba huko Kima mwezi Juni 1900. Yeye na wenzake wawili, Hübner na Parenti, walilala humo wakimvizia simba aliyekuwa akiwala wafanyakazi wa stesheni, na ilipofika zamu ya Ryall kukesha, usingizi ukamchukua. Behewa lilikuwa limeinama kidogo kwenye njia ya pembeni, kwa hiyo simba alipoingia, mlango wa kutelezesha ulijifunga nyuma yake, naye akatokea dirishani akiwa amembeba Ryall. Mkasa huo hauelezeki vizuri bila ule mwinamo wa reli, na mahali penyewe ni Kima, si Nairobi. (Utani kwamba Kima iliitwa hivyo kwa sababu ya nyama ya kusaga tuwaachie wapiga soga.)

Siombi behewa lirudishwe, kwa kuwa lilipo lina watunzaji. Ninachoomba ni kwamba Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti waorodheshe kila kilichosalia pale, tangu jengo hadi njia ya pembeni, kisha Waziri atumie Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 kupatangaza rasmi kuwa turathi. Jambo hili halifai kungoja, kwa sababu tangu reli mpya ya kisasa, SGR, ianze kubeba abiria mwaka 2017, treni husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, lakini Kima haimo, na stesheni isiyo na msafiri huibiwa mabati na vyuma kabla kuta zake hazijapata ufa.

Kibao kikiwekwa, kiandikwe kwa Kikamba na Kiswahili pia, na kisimtaje Ryall peke yake. Simba huyo hakuanza na afisa. Alianza na wafanyakazi wa reli, ambao vifo vyao ndivyo vilivyomfikisha Ryall Kima, na majina yao yanastahili kutafutwa katika kumbukumbu za reli kabla ya fundi kuitwa kuchonga herufi ya kwanza.

Msomaji wako,
Makueni