Kwa Salumu, kuhusu Klon na fedha ya vyombo

Tanga,
Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa Salumu,

Salamu nyingi zikufikie huko Leicester, pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, mvua imenyesha vizuri, Mama hakuachi katika dua zake, na Mzee Chande bado anashikilia kwamba watu huja harusini kusikiliza tarumbeta yake, na kwamba bibi harusi ni ziada tu. Ujumbe wako niliusoma, nikauweka, nikausoma tena, kisha nikaona kwamba jambo lenyewe halifai kujibiwa kwa simu katikati ya makelele ya mazoezi. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Unasema umeipata Klon Centaur ya asili, ile pedali ya gitaa, yaani kisanduku cha kukanyaga cha kubadilisha sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, ya rangi ya dhahabu yenye picha ya kiumbe nusu mtu nusu farasi, kwa mzee mmoja anayepunguza vitu nyumbani kwake, naye anataka bei iliyo chini kidogo ya ile ya kawaida. Unapendekeza tuinunue kwa fedha ya vyombo vya bendi yetu unayotutunzia. Sababu zako ni mbili: kwamba sauti yake haina mfano, na kwamba bei yake haishuki, hivyo fedha yetu itakuwa salama zaidi ndani ya kile kisanduku kuliko benki. Sababu ya kwanza nitaizungumza kwa heshima, kwa kuwa una sikio zuri na wote tunalijua. Ya pili imeninyima usingizi.

Nianze na sauti. Pedali za ovadraivu, yaani za kukwaruza sauti, zinajaribu kuleta kile kilichotokea zamani kwa bahati, pale amplifaya ya valvu, ile mirija ya kioo ya zamani, ilipofunguliwa sauti hadi ikazidiwa, vilele vya mawimbi ya sauti vikakatika, na gitaa likaanza kukwaruza kwa utamu. Ndani ya pedali kazi hiyo ya kukata vilele kwa kawaida hufanywa na dayodi, vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Katika Tube Screamer ya Ibanez, ile TS808 iliyoanza mwaka 1979 na TS9 iliyoifuata mwaka 1982, besi hupunguzwa kabla ya kukwaruzwa, na masafa ya kati ndiyo husukumwa mbele. Kwa hiyo sauti yake ina kitu cha puani ambacho wengine hawakipendi, lakini ndicho kinacholipenyeza gitaa la solo katikati ya besi, tumba na tarumbeta za akina Mzee Chande. Klon imekwenda njia nyingine. Dayodi zake ni za jemaniamu, na kitufe chake cha kukwaruza, kila unapokizungusha, hubadilisha mchanganyiko wa sauti safi na sauti iliyokwaruzwa, kiasi kwamba ukikiweka chini gitaa hubaki lile lile, ila limenenepa na kusogea karibu na msikilizaji.

Hapo nakubaliana nawe kabisa, na nitakwambia kwa nini jambo hilo lingetufaa sisi kuliko wapiga roki. Uzi mmoja ukikwaruzwa hupata utamu, lakini nyuzi mbili zikikwaruzwa pamoja huzaa milio mingine ambayo hakuna aliyeipiga. Solo zetu, tangu tulipojifunza kwa Wakongo, zimejaa nyuzi mbili mbili, zilizoachana kwa nafasi ya noti tatu au sita, na chini yake gitaa la rithimu linasokota bila kupumzika. Ukiweka ovadraivu nzito juu ya sebene unapata uji. Unakumbuka yule kijana wa Muheza alivyokuja na distoshen yake, Athumani akaweka gitaa chini na kwenda kunywa chai? Pedali inayobakiza sauti safi ndani yake, ikichezwa kwa kukwaruza kidogo sana, ingemfaa Athumani, na sina ubishi juu ya hilo.

Lakini sifa kubwa ya Klon, hata watu wanaoiabudu watakwambia, ni nguvu inayoitoa kwenda kuisukuma amplifaya ya valvu. Ndani yake umeme wa volti 9 hupandishwa hadi 18, na upande mwingine hugeuzwa kuwa hasi, ili mawimbi yawe na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka kabla ya kukatwa. Valvu zikipokea msukumo huo hulainika zenyewe, na sauti ile unayoisimulia huzaliwa huko, kwenye amplifaya, baada ya pedali kumaliza kazi yake. Sasa nikuulize, Salumu, sisi tuna valvu gani? Amplifaya yetu ya gitaa ni ya transista, upande mmoja umekufa tangu ile sherehe ya Pangani, na mwingine hunguruma jenereta linapowashwa. Msukumo wa Klon ukiingia mle, transista hazilainiki, hukata tu kwa ukali. Tutakuwa tumelipia nusu ya sauti na nusu nyingine tumeiacha Leicester.

Nije kwenye thamani, maana ndipo roho yangu ilipo.

Unajua historia yake kuliko mimi, lakini niruhusu niipange nionavyo. Bill Finnegan alianza kuziuza mwishoni mwa mwaka 1994 huko Massachusetts, akiziunda mwenyewe kwa mkono, na hadi anaacha, kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, alikuwa ametengeneza takribani 8,000. Bei yake mpya ilikuwa dola mia chache. Leo zinauzwa kwa maelfu ya dola. Katika kipindi hicho chote, dayodi zilizo ndani ya zile za zamani hazikuongezeka utamu hata chembe. Kilichopanda ni uchache wake, pamoja na siri, kwa kuwa sakiti, yaani mpangilio wa vipande vya ndani, alikuwa ameifunika kwa gundi ngumu nyeusi ili isiigwe. Gundi hiyo watu walikwisha kuichimba, sakiti ikachorwa, na sasa nakala zake zinatengenezwa na kila mwenye karakana, nyingine kwa bei ya viatu vya watoto. Finnegan mwenyewe, alipotoa pedali yake nyingine, KTR, mwaka 2012, ikiwa na sakiti ile ile katika kisanduku kidogo, aliandika juu yake maneno ya kuwakumbusha watu kwamba makelele yaliyopita kiasi kuhusu pedali yake hayakusababishwa na yeye. Mimi namheshimu sana kwa hilo. Mafundi wanaokataa kubeba sifa wasizozipeleka sokoni wenyewe ni wachache.

Kwa hiyo ukiniambia bei haishuki, nakujibu kwamba inaweza kuwa kweli, lakini ni bei ya kitu cha kumbukumbu, nacho hutunzwa kwa masharti yake. Mchubuko hupunguza thamani, na kutu vilevile, na unaifahamu hewa ya bahari ya hapa Tanga inavyofanya kwa kila kitu cha chuma. Pedali ni kitu cha kukanyagwa kwa kiatu, Salumu, tena kiatu kilichotoka kwenye tope la uwanja wa harusi, huku mtoto wa mwenye shughuli amesimama karibu na chupa ya soda. Tukiileta huku na kuitumia, akiba yako inaliwa kila Jumamosi. Tukiiacha kwako kabatini ili isichubuke, bendi itakuwa na pedali ambayo haijawahi kuisikia. Na siku tukihitaji fedha kwa haraka, nani wa Barabara ya Ishirini atainunua? Mnunuzi yuko huko uliko wewe, wala sitaki hatima ya mfuko wetu itegemee nafasi yako ya kwenda kumtafuta.

Kuna la tatu ambalo hukuligusa, nami linanitisha zaidi: udanganyifu. Kitu kinachofikia bei hiyo lazima kipate waigaji wanaoandika jina lenyewe, na gundi ile ile iliyowekwa kuficha sakiti sasa inamkinga tapeli, kwa sababu huwezi kuona kilichomo bila kukiharibu unachotaka kukihakiki. Simtuhumu mzee wako. Lakini je, yeye aliinunua kwa nani?

Hili ndilo pendekezo langu, na Mzee Chande amelikubali, jambo ambalo peke yake linastahili kuandikwa. Tafuta TS9 iliyotumika, au SD-1 ya Boss, pedali nyingine ya ovadraivu, ambayo ipo tangu mwaka 1981 na bado inatengenezwa, hivyo hakuna anayeiabudu. SD-1 hukata wimbi upande mmoja tofauti na mwingine, kwa dayodi mbili huku na moja kule, na mimi napenda ule mkwaruzo wake usio sawa. Ukipata TS9, Fundi Kombo anasema anaweza kuigeuza iwe karibu sawa na 808 kwa kubadilisha rezista mbili tu za mwisho, vile vipande vya kuzuia umeme, ile ya ohmu 470 iwe 100, na ya kilo-ohmu 100 iwe 10. Nilicheka niliposikia, kwa sababu watu hulipa fedha nyingi mno kwa tofauti ya rezista mbili, tofauti ambayo nina shaka kama mtu yeyote anayecheza kwaito ukumbini ataisikia. Fedha itakayobaki itengeneze amplifaya, au ichangie ya valvu hata ikiwa ndogo, kwa maana hapo ndipo sauti unayoitamani inapokaa.

Kama ungeinunua Klon kwa fedha yako mwenyewe, nisingekuandikia hata mstari mmoja, ningekuja kuisikiliza. Ila hii ni fedha ya vyombo. Imo humo jasho la Athumani, na imo sehemu ya marehemu Juma ambayo mjane wake hakuitaka irudishwe.

Sasa nijibu haya, tafadhali, na usiyaruke kama kawaida yako. Je, umekwisha kumpa yule mzee malipo ya awali? Kama umempa, ni kiasi gani, na kilitoka mfuko upi? Ulipoijaribu uliipigia kwenye amplifaya gani, na ulipiga nyuzi mbili au mojamoja? Anayo risiti ya zamani, au barua yoyote? Huko madukani TS9 iliyotumika inaanzia bei gani siku hizi? Shemeji anajua kuhusu jambo hili? Na wewe utakuja lini hasa, kabla ya Ramadhani au baada yake, ili nimwambie Fundi Kombo aandae rezista zake?

Wasalimie wote nyumbani. Mwambie Zuhura kwamba gitaa lake dogo nimeliwekea nyuzi mpya.

Ni mimi nduguyo,
Hamisi