Harambee ya msimu mzima wa Fomula 4 kwa binti yetu

Habari zenu wote, wazazi, walimu, majirani na marafiki wa klabu yetu ya gokati, vile vigari vidogo vya mbio. Sisi ni kamati ya wazazi na hatutazunguka sana: binti yetu amepata nafasi kwenye timu ya Fomula 4 msimu ujao. Timu imemjaribu, imemkubali, imemtengea gari, ila hela ya kumfikisha kuanzia mbio ya kwanza hadi ya mwisho haijatimia. Familia yake imetoa mpaka imefika mwisho wa uwezo, klabu nayo imechangia, kilichobaki ndo hicho tunakileta kwenu.

Mnaomjua mnamjua tangu akiwekewa mto mgongoni ndo miguu ifike kwenye pedali. Sasa katimiza miaka 15, na huo ndo umri ambao F4 inaanza kupokea madereva. Kwa asiyefuatilia sana haya mambo, F4 ni mpango wa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ubingwa wa kwanza ulikimbiwa Italia mwaka 2014, na iliwekwa makusudi iwe ngazi ya kwanza kwa mtoto anayetoka kwenye gokati kwenda magari ya fomula, yale ya kiti kimoja yenye tairi nne ziko nje wazi. Juu yake kuna Fomula Rijino (Formula Regional), halafu F3, F2, ndo unafika F1, kilele chenyewe. Hamna njia ya mkato. Ili dereva apate leseni ya F1 anatakiwa awe amekusanya pointi 40 ndani ya misimu mitatu, na bingwa wa F4 anapewa 12, kwa hiyo hata ukishinda kila kitu bado una safari, lakini safari yenyewe inaanzia hapa.

Tumeulizwa sana, na ni swali la haki kabisa, kwa nini iwe ghali hivyo wakati ni watoto tu. F4 inabuniwa lengo lilikuwa msimu mmoja ugharimu kama yuro 100,000, na leo kwenye mashindano makubwa ya Ulaya timu nzuri zinataka zaidi ya hapo kwa mbali. Gari lenyewe si tatizo kubwa, wote wanaendesha chesi ya aina moja na injini ya aina moja, na injini hizo zimetengenezwa zidumu muda mrefu. Hela inaenda kwenye kuliendesha: mafundi, injinia, usafiri wa gari na vifaa kutoka sakiti moja, yaani uwanja wa mbio, hadi nyingine, mafuta, siku za majaribio, tairi, na kuvunjika.

Kuvunjika acha tukueleze vizuri maana watu wengi hawakuoni. Gari la kawaida likiguswa ubavuni linabonyea bodi, basi. Gari la fomula halina bodi ya kukinga tairi, kinachoshika tairi ni vyuma vyembamba vya suspenshoni vinavyoonekana wazi, na tairi ya mbele ikikutana na tairi ya nyuma ya mwenzako inaweza kuipanda ikakurusha juu. Mguso mdogo tu kona ya kwanza, hata kama kosa si lake, unaondoka na bawa la mbele au chuma kimoja cha suspenshoni na wikiendi imekwisha kama timu haina spea. Na wikiendi moja ina mbio tatu! Gari likivunjika Jumamosi asubuhi bila spea umekosa mbili zilizobaki, na pointi zake zimeenda. Mshindi anapata 25, wa pili 18, wa kumi anapata moja, kwa hiyo mbio mbili zikipotea msimamo unabadilika kabisa. Ndo maana kwenye bajeti yetu kuna fungu la ajali na tumekataa kulipunguza japo baadhi ya wanakamati waliona ni pesa ya kukaa tu.

Tairi nazo. F4 kwenye lami kavu inatumia tairi zisizo na michirizi kabisa, kwa macho yetu ya barabarani ungesema ni vipara, na zinashika vizuri zikiwa mpya na zikiwa na joto lake. Baada ya hapo zinashuka, na dereva mwenye tairi mpya kwenye kufuzu, ile mizunguko ya kupanga nani aanze wapi, anakuacha kwa sehemu ya sekunde ambayo kwenye gridi, yaani mpangilio wa kuanza mbio, ni safu kadhaa. Kanuni zinabana idadi ya tairi kila wikiendi ili matajiri wasizidi, ni jambo zuri, ila siku za mazoezi kila mtu anatumia kadiri ya mfuko wake, na hapo ndo tofauti inapojengwa.

Tulikuwepo siku timu inamtengenezea kiti, na kwa kweli ndo siku ambayo wengi wetu tulielewa hili gari ni kitu gani. Hakuna kiti cha dukani. Wanaweka mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya gari, dereva anaingia na ovaroli yake na helmeti, anakaa mkao ule wa kulala kabisa miguu juu mikono kwenye usukani, halafu wanachanganya dawa mbili wanamimina kwenye mfuko nyuma ya mgongo wake, zinafura kama povu zinapanda kumzunguka mbavu na mabega, zinapata moto, na yeye haruhusiwi kutikisika mpaka zigande. Akatoka pale kiti kina umbo la mgongo wake mpaka mfupa wa bega. Fundi akamwambia akirefuka watarudia, na kwa umri wake atarefuka tu.

Kisha akaingia sakiti. Gokati yake haikuwa na suspenshoni wala gia, hili lina gia sita za kubadilisha kwa vidole nyuma ya usukani, linapita kilomita 200 kwa saa, na usukani hauna pawa stiaringi, yaani kila kona ni mikono na shingo. Alivyorudi pit, pale mafundi wanapokaa, alikuwa hawezi kushika chupa ya maji vizuri. Jioni injinia akamfungulia data kwenye kompyuta, mstari wake juu ya mstari wa dereva mwenye uzoefu, akamwonyesha anapofunga breki, wapi anakanyaga pole pole mwanzoni badala ya kukanyaga kwa nguvu yote kisha kuachia taratibu, na siku ya pili ule mstari wake ukawa umesogea. Timu ilimchukua kwa sababu hiyo. Hakuwa na kasi kuliko wote siku ile, ila alikuwa anajifunza haraka.

Usalama tumeuliza kabla ya kuuliza bei, sisi ni wazazi. Magari ya F4 ya kizazi kipya, yaliyoanza kuingia 2022, yana halo, ile pete ngumu juu ya kichwa cha dereva iliyomlinda dereva wa F1 Romain Grosjean kule Bahrain 2020 gari lake lilipopenya uzio likawaka moto. Gamba analokaa ndani yake ni la kaboni na linapita majaribio ya kugongeshwa ya FIA. Hatari haijaisha, hatutawadanganya, lakini hatungesimama hapa kuomba mchango kama tungeona mtoto anapelekwa kienyeji.

Kuna anayesema ukiwa na kipaji utaonekana tu. Tungependa iwe hivyo. Baba yake Lewis Hamilton, bingwa wa F1, alifanya kazi kadhaa kwa mpigo ili mtoto aendelee na gokati. Wazazi wa Esteban Ocon, naye dereva wa F1, waliuza nyumba wakahamia kuishi kwenye karavani. Kipaji walikuwa nacho, ila ilibidi mtu alipe kwanza ndo kionekane. Lando Norris alichukua ubingwa wa F4 ya Uingereza mwaka 2015, Andrea Kimi Antonelli akachukua wa Italia 2022 na miaka mitatu baadaye yuko Mercedes kwenye F1, na wote hao walikimbia msimu kamili, siku za majaribio zikiwemo.

Na huyu ni msichana. Tangu Lella Lombardi mwaka 1976 hakuna mwanamke aliyeanza mbio ya F1. Msiseme wasichana wote wa miaka hiyo hawakuweza, jamani! Mlango ulikuwa umebana. Sasa umeanza kufunguka, F1 Academy, mashindano ya wasichana, ilianza 2023 na inatumia gari la daraja la F4, na mwaka 2024 Abbi Pulling akashinda mbio ya F4 ya Uingereza pale Brands Hatch, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mtu anayetafuta dereva wa kike wa kumdhamini anaangalia matokeo ya F4 kwanza, na matokeo huyapati ukiwa jukwaani.

Tunachoogopa zaidi ni nusu msimu. Timu inalipwa kwa awamu, awamu ikichelewa gari halisubiri, linapewa dereva mwingine mwenye hela, na mtoto anabaki na mbio chache zisizosema chochote juu yake. Kwa hiyo tunaomba ahadi sasa, kabla majaribio ya kabla ya msimu hayajaanza, hata kama hela yenyewe utaitoa kidogo kidogo.

Mchango wowote unapokelewa. Anayetaka kujua hasa kitu alicholipia anaweza kuchukua tairi moja, au seti nzima na wenzake kazini, au siku moja ya majaribio, au bawa la mbele la akiba. Darasa la watoto wa klabu limeshachukua mafuta ya wikiendi ya kwanza kwa kuosha gokati za wakubwa, tunawashukuru sana wanetu. Mwenye biashara anayetaka jina lake libandikwe ubavuni mwa gari aongee na mwenyekiti, nafasi zipo. Asiye na hela ila ana ujuzi, gym, physio, au mtu wa kumfundisha masomo akiwa safarini maana shule haisimami, tafadhali jitokeze, hilo nalo tunahitaji sana.

Hela zote zinaingia akaunti ya klabu, si ya mtu. Kutoa ni saini tatu, mmoja wao si ndugu wa mtoto, na tunailipa timu moja kwa moja. Kila baada ya wikiendi ya mbio mweka hazina ataweka hesabu kwenye grupu, kilichoingia, kilichotumika, kilichovunjika. Msimu ukishindikana kabla ya kuanza, kila mtu anarudishiwa chake. Kadi za ahadi ziko kwa mweka hazina na kwa katibu, mtumie ujumbe leo akuandike.