Maji yako yamekosa gesi kwa sababu ya joto la Dar

Forest, Mbeya
12 Julai

Mama Junior, shoga yangu,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi nikifungua bomba la nje vidole vinakufa ganzi, na mwanao wa huku anakwenda shule kavaa masweta mawili kama kitunguu. Ujumbe wako niliusoma nikacheka peke yangu jikoni. Eti umeikamua sifoni ya marehemu baba mkwe, ile chupa ya kutengenezea maji ya gesi, mbele ya wageni, ikatoa povu la kutisha, halafu glasi ikatulia maji matupu! Pole, ila dawa yake naijua. Nakuandikia barua kabisa, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Nianze na swali. Maji uliyotia yalikuwa ya baridi kiasi gani? Usiniambie "baridi ya kawaida", nimeishi Mbagala, naijua hiyo baridi ya kawaida.

Sukari ukiitia kwenye maji ya moto inayeyuka upesi, si ndiyo? Gesi ni kinyume chake. Maji yanavyozidi kupoa ndivyo yanavyozidi kuikubali. Maji yaliyokaribia kuganda yanabeba karibu mara mbili ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzi 20, na ya bomba lako yanapita nyuzi 25 mchana kutwa. Kwa hiyo gesi uliyoingiza haikupotea, ilikosa tu pa kukaa. Ilibanana juu ya maji, na ulipobonyeza ikatoka kwa fujo yote. Ni kama huku ukiagiza soda, mhudumu anakuuliza "baridi au ya moto?", na wewe kwa kuogopa kutetemeka unasema ya moto, halafu nusu chupa inaishia mezani ikiwa povu.

Sasa hiyo chupa yenyewe. Najua umeigeuzageuza ukadhani ni pampu. Haina pampu. Ndani kuna mrija mmoja mrefu unaoshuka kutoka kichwani mpaka karibu na kitako, na juu kuna vali inayofunguka ukibonyeza mkono ule wa chuma. Pembeni ndipo unapofunga katriji, kile kichupa cha chuma kama kidole gumba. Kina gramu 8 za hewa ukaa, iliyobanwa mpaka imekuwa kimiminika. Gramu 8 unaona kitu gani, lakini ukiiachia ovyo chumbani inakuwa zaidi ya lita 4 za gesi. Ukikaza katriji, sindano ndogo inaitoboa, unasikia fyuuu, na katriji inapoa mpaka inaota umande mkononi mwako, kwa sababu kimiminika kinapogeuka gesi kinanyonya joto la chuma. Mimi hapo ndipo pananifurahisha kuliko hata kunywa.

Gesi ikishajaa juu inayakandamiza maji. Ukibonyeza, maji hayana njia nyingine ila kupanda kwenye mrija na kutokea mdomoni. Uzuri wake ni kwamba unakunywa kutoka chini na chupa haifunguliwi. Soda ya kawaida ukiifungua tu imeanza kufa, lakini sifoni ikiwa nzima inakaa siku kadhaa kwenye friji na bado inawasha ulimi. Ukitaka kuuona mrija unavyofanya kazi, ipindue kichwa chini kisha bonyeza. Itatoka gesi tupu bila maji, maana ncha ya mrija sasa iko kwenye gesi. Fanya hivyo pia kila unapotaka kufungua kichwa ili kuiosha. Usije ukafungua kichwa wakati ndani mna msukumo, kitakurukia usoni.

Utaratibu wangu huu hapa. Maji safi, yalale kwenye friji usiku kucha, hata chupa yenyewe ilale humo. Jaza mpaka kwenye alama tu, usifikishe shingoni, gesi inahitaji nafasi. Funga katriji, kisha tikisa kwa nguvu, kama dakika moja. Kutikisa si mbwembwe, ndiko kunakokutanisha maji na gesi. Utasikia mlio ukibadilika, mwanzo maji yanapiga makofi, baadaye yanakuwa mazito. Rudisha kwenye friji saa moja au mbili ndipo ukamue, taratibu, glasi ikiwa imeinamishwa. Mimi mwezi huu sihitaji hata friji, ndoo naiacha nje uani basi.

Nisikudanganye, nami nimeharibu vya kutosha. Ya kwanza ni katriji. Niliagiza, muuzaji akaniletea boksi zima kwa bei ya kuuma. Zikaingia vizuri, zikatoa fyuuu kama kawaida, lakini maji yakaja na utamutamu wa ajabu, povu lipo ila hayaumi. Kumbe zilikuwa za kuchapia krimu ya keki, zina gesi nyingine kabisa, naitrasi oksaidi. Umbo ni lilelile. Ule ukali wa soda unatokana na hewa ukaa kuungana na maji na kuwa asidi hafifu, na hiyo ya keki haifanyi hivyo. Kwa hiyo soma boksi, liwe limeandikwa CO2, yaani hewa ukaa.

Ya pili ni juisi. Nilimimina juisi ya pesheni moja kwa moja ndani, nikijiona mjanja. Nyama za tunda zikaziba vali, na nilipolazimisha ikapiga dari. Dari ya mwenye nyumba! Doa lipo mpaka leo, nimelifunika kwa kalenda. Sifoni ni ya maji peke yake. Sharubati ya tangawizi au pesheni tia kwenye glasi, kisha maji ya gesi yaje juu yake.

Katriji zikikuishia usihangaike, iko njia ya bibi zetu. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, si unaujua? Siku tulipokwenda msibani Iringa, yule mzee alikuzuia usikaze kifuniko cha dumu. Mtogwa, yaani ulanzi mbichi ulio mtamu, unapochacha kuelekea kuwa mkangafu, ule mkali, unatoa gesi hiihii. Hata Mwingereza Joseph Priestley, mwaka 1767 kule Leeds, alianzia kwenye kiwanda cha pombe cha jirani, akaona gesi imetanda juu ya mapipa, akaipitisha kwenye maji. Basi nawe saga tangawizi, tia maji, sukari, ndimu na hamira kidogo sana, robo kijiko cha chai kwa chupa ya plastiki ya lita 1.5. Usiijaze mpaka juu. Huku inachukua siku mbili tatu, kwako siku moja inaweza kutosha. Iminye kila mara, ikiwa ngumu kama mpira peleka friji haraka ili hamira ilale. Chupa ya kioo usithubutu, jirani yangu aliiweka kabatini ikapasuka usiku, wakadhani ni wezi. Na ujue kilevi kidogo kimo, kwa hiyo wanakwaya wako waambie mapema.

Kinachonichekesha ni kwamba nahangaika kuagiza katriji wakati gesi yenyewe iko hapa chini. Rungwe, upande wa Mlima Kyejo, hewa ukaa inatoka ardhini, kampuni ya TOL Gases wanaivuna na inakwenda viwanda vya soda. Huenda soda unayokunywa Dar ina pumzi ya Rungwe ndani. Na huenda nyingine inaturudia imeshafungwa kwenye chupa, imepanda mlima wa Kitonga kwenye lori. Unakumbuka pakiti za krispi zilivyovimba kwenye basi tulipopita Kitonga? Hewa ya huku ni nyepesi, hapa Mbeya, mita kama 1,700, inakandamiza kwa asilimia 82 hivi tu ya ile ya pwani. Ndiyo maana nasema soda iliyofunguliwa huku inakufa upesi, mume wangu anabisha mpaka leo.

Ukija Agosti niletee boksi mbili za katriji kutoka Kariakoo, pesa nitakutumia kwenye simu. Njoo kwa basi, uwanja wa ndege wanaweza kuzikamata. Na hiyo sifoni ya baba mkwe ibebe, ifunge kwenye khanga. Kama ni ya kioo, angalia kwanza isiwe na ufa, na ule wavu wa chuma usiuvue, umewekwa ili kioo kikipasuka vipande visiruke.

Wasalimie wote. Junior mwambie parachichi zake nimezitenga.

Shoga yako wa Mbeya