"Hifadhi ya mchezo" haipo Tanzania

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tangazo la kampuni moja ya utalii ya hapa Arusha, linalosambazwa kwa simu, ambalo linawaalika Watanzania kutembelea "Hifadhi ya Mchezo ya Selous" na kufurahia "gari la mchezo" asubuhi na jioni. Aliyeliandaa, naamini, aliyachukua maneno ya Kiingereza akaiachia programu ya kutafsiri, nayo programu ikakamata maana ya neno 'game' inayojulikana zaidi, yaani mchezo, badala ya wanyama wa porini wanaowindwa. Ningenyamaza kama kosa hili lingeishia kwenye tangazo moja, lakini siku hizi nalikuta hata katika habari za magazeti, na wanafunzi ninaowafundisha kazi ya kuongoza watalii wanaliandika kwenye majibu yao ya mtihani bila kushtuka.

Neno hilo ni la zamani na limepitia mengi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa 'gamen', yaani furaha, tafrija au burudani, na wataalamu wengi wa asili ya maneno hulihusisha na mizizi miwili ya lugha iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, mmoja wenye maana ya "pamoja" na mwingine wenye maana ya "mtu", kana kwamba furaha ni jambo la watu waliokusanyika. Sehemu ya mwisho ya neno ilidondoka kwa sababu wasemaji waliidhania kuwa ni kiambishi tu. Kutoka katika burudani likaingia katika mashindano yenye kanuni, ndiyo maana seti ya tenisi ina gemu ndani yake, na vijana wetu wanazungumzia gemu ya Simba na Yanga au gemu za kwenye simu. Wapiganishaji wa majogoo nao wakalipa maana ya ujasiri, hata leo mtu aliye tayari kwa lolote huelezwa kwa neno hilohilo.

Maana inayotuhusu sisi wa Arusha na Moshi ilianza kuonekana kwenye miaka ya 1300 hivi. Burudani kubwa ya mabwana wa Uingereza ilikuwa kuwinda, na jina la burudani likahamia kwa kile kinachowindwa. Lakini si kila kiumbe wa porini aliyepewa jina hilo, wala si kila mtu aliyeruhusiwa kumgusa. Sheria yao ya mwaka 1671 iliwazuia kuwinda watu ambao ardhi yao haikuwaingizia walau pauni 100 kwa mwaka, ukiondoa wachache wenye vyeo vyao, na sharti hilo la mali lilidumu hadi sheria mpya ya mwaka 1831 ilipoanzisha utaratibu wa leseni. Sheria hiyo mpya ilipofafanua neno lenyewe iliwataja sungura wa porini, kwale na ndege wengine wachache, wala kulungu hakuwamo. Kwa maneno mengine, neno hili halikuwa la elimu ya viumbe hata siku moja. Lilikuwa la mwenye bunduki na mwenye ardhi.

Likaja kwetu likiwa na mzigo huo. Wajerumani ndio waliotangulia, pale gavana wao Hermann von Wissmann alipotoa amri ya mwaka 1896 ya kudhibiti uwindaji na kutenga maeneo mawili, moja magharibi mwa Kilimanjaro na jingine upande wa Rufiji. Waingereza walipochukua nchi walileta idara ya wanyama wa porini na ofisa wake, na wazee wetu, ambao hawakuhitaji kamusi, wakamwita ofisa huyo "bwana nyama". Mimi nalipenda sana jina hilo. Nyama kwa wazee ilikuwa mnyama aliye hai na pia kitoweo, kwa hiyo walilinasa neno la mgeni pande zote mbili, tena bila kutaja mchezo. Selous yenyewe ilipewa jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917.

Sasa tazama jinsi tafsiri mbovu inavyoharibu jambo la msingi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inazungumzia mapori ya akiba na mapori tengefu, na katika majina ya Kiingereza ya maeneo hayo ('game reserve' na 'game controlled area') ndimo neno 'game' lilimobaki. Katika majina ya hifadhi za taifa halimo. Tofauti hiyo si ya bahati mbaya: katika hifadhi ya taifa huwezi kuwinda, wakati katika pori la akiba uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa kibali. Sehemu kubwa ya Selous ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, lililobadilika halikuwa kibao cha getini tu. Msomaji anayeambiwa "hifadhi ya mchezo" hapati lolote kati ya hayo, na anaweza hata kudhani kuna uwanja wa mpira.

Chukua pia wale wanyama wakubwa watano ambao kila gari linaloondoka Arusha limewachora ubavuni: simba, chui, tembo, faru na nyati. Karibu kila kundi jipya la wanafunzi huniuliza kwa nini chui yumo ilhali kiboko na twiga, waliomzidi mno kwa umbo, wameachwa. Jibu ni kwamba orodha ilitungwa na wawindaji, wakihesabu wanyama walio hatari zaidi kuwafuata kwa miguu. Mgeni mwenye kamera anatembezwa kwa orodha ya mwenye bunduki, na mwongozaji asiyejua asili ya maneno hubaki kubuni majibu yake mwenyewe, mengine ya kuchekesha kwelikweli.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba dawati lako likipokea taarifa za Kiingereza kuhusu maeneo haya litumie majina yaliyomo katika sheria zetu, na kitoweo kiitwe nyamapori, kama inavyoandikwa kwenye mabucha yake. Linalonisumbua bado ni lile "gari la mchezo". Madereva wetu wanasema "geim draivu" na wanaelewana vizuri. Darasani mimi hutumia "mzunguko wa kutazama wanyama", ambao wanafunzi wanaulalamikia kwa urefu wake, na wana haki. Wasomaji wako wa Karatu na Mto wa Mbu, wanaoishi na kazi hii kila siku, huenda wana jina fupi zaidi, nami ningefurahi kulisoma katika safu hii.

Mwalimu wa waongoza watalii,
Sakina, Arusha