Barua kwa Mwanangu: Jibu la Swali la Nyuki

Sikonge, Tabora

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshaitikia kabla hujafikiri. Mazoea hayana dawa.

Huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua, ila jumuiya hakosi, na akirudi ana habari za mtaa mzima.

Juzi kwenye simu uliponiambia kwamba Mkesha wa Pasaka hukwenda, ulilala tu, nilinyamaza, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mama. Nilikumbuka kitu.

Ulikuwa na miaka minane. Taa za kanisa zimezimwa, moto umebarikiwa nje, Mshumaa wa Pasaka umeingia gizani, na shemasi anaimba Mbiu ya Pasaka, ile ndefu inayochosha miguu. Mchana wake nilikuwa nimekueleza kwamba mshumaa unatokana na nta, na kwamba katika mbiu ile ya Kilatini hata nyuki wanasifiwa, tena nyuki anaitwa mama. Shemasi alipovuta pumzi tu, ukauliza kwa sauti ya sokoni: "Baba, nyuki walilipwa nini?" Watu wakacheka. Mimi nikakufinya. Tulirudi nyumbani kila mtu kimya, na tangu siku ile kanisani ukawa mtoto mtulivu sana. Watu walinisifu kwa malezi.

Maswali ya katekisimu uliyajibu yote mpaka kipaimara. Yale huja na majibu yake chini. Lako halikuwa na jibu kitabuni, nami niliona aibu mbele za watu. Nisamehe. Nimechukua miaka kumi na minne kulijibu.

Babu yako, unajua, alikuwa mrina asali. Alitundika mizinga ya magome huko porini, na kila akirina aliacha masega kadhaa ndani. "Ya wenyewe," alisema. Basi kama ulitaka jibu la haraka, malipo ni hayo. Lakini nadhani hukuuliza la haraka.

Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa nta. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali tuliyachemsha na maji kwenye sufuria kuukuu, tukayachuja kwa gunia, watu wawili wakilisokota huku na huku mpaka mikono inaungua. Kisha unaacha. Asubuhi unakuta juu ya maji meusi, machafu, yenye mabuu na vipande vya magome, kifuniko kizima cha njano, kama kiini cha yai la kienyeji. Nilikuwa nakinusa kabla sijamwamsha mzee. Baadaye nilisoma kwamba nyuki kibarua wa msimu wa kazi huishi wiki sita hivi tu, na kwamba nta humtoka tumboni kwa vigamba vyembamba, ambavyo huvitafuna kwanza ndipo ajengee. Anajenga ghala la chakula ambacho mara nyingi hatakila yeye. Hilo sikulifundishwa kanisani wala sijawahi kulisikia likihubiriwa, ila kila nikiona mshumaa ule unaingia gizani ndilo linalonijia. (Siku hizi mishumaa mingi ni ya parafini. Mbiu bado inawaimba nyuki, na mimi huwaonea huruma kidogo kwa kunyang'anywa kazi.)

Sasa kitabu ninachokutumia pamoja na flashi. Ni Maungamo ya Mtakatifu Augustino, Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, ambako leo ni Souk Ahras nchini Aljeria. Usianze na heshima, anza na wizi wa mapeari: kijana wa miaka kumi na sita anaiba matunda usiku na wenzake, wanawatupia nguruwe, na anakiri alifanya vile kwa raha ya kuiba tu. Vitabu vitatu vya mwisho (sehemu zake ndizo zinaitwa vitabu) ni vizito; ukichoka, viruke. Na utakapofika kwa yule mwanamke aliyeishi naye miaka mingi, akamzalia mtoto, kisha akarudishwa Afrika bila hata kutajwa jina, kasirika. Mimi mpaka leo namdai Augustino hilo.

Lakini soma kitabu cha 10, pale anapozunguka akiuliza ardhi, bahari na upepo kuhusu Mungu wake, na vyote vinamwambia, si sisi, yeye ndiye aliyetuumba. Kisha anasema kuuliza kwake kulikuwa kuvitazama kwa makini, na majibu yao yalikuwa uzuri wao. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakukumbuka wewe na kidole changu kikikufinya. Tena mzee huyuhuyu anataja mahali pengine kwamba aliwahi kutunga mashairi ya kuusifu mshumaa!

Na mama yake, ambaye wewe una jina lake la ubatizo, alimfuata askofu mmoja amwombe azungumze na kijana wake aliyeipa imani kisogo. Askofu akakataa. Mwache, akamwambia, wewe mwombee tu. Atagundua mwenyewe kwa kusoma. Monika hakuridhika, akalia na kubembeleza mpaka askofu akachoka, akamfukuza akisema mtoto wa machozi kama hayo haiwezekani apotee. Mapadre wanapenda hilo la machozi, limehubiriwa mpaka limechujuka. Mimi nimeshika lile la kwanza. Ndiyo maana simu zangu za Jumapili asubuhi za "umeshaamka?" hutazisikia tena.

Kwenye flashi kuna filamu moja. Filamu nyingi za dini huniudhi. Malaika wanawaka kama taa za harusi, kinanda kinakulazimisha ulie. Hii ni ya Kifaransa, Des hommes et des dieux, ya mwaka 2010, kuhusu wamonaki, yaani watawa, wa shirika la Watrapisti huko Tibhirine, Aljeria hukohuko, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanalima, wanaimba zaburi, mmoja wao ni daktari anayetibu kijiji, na, utanicheka, wanauza asali sokoni. Wanabishana kama wakimbie au wabaki na majirani zao Waislamu, na wanaogopa kweli. Ni kisa cha kweli: saba walitekwa Machi 1996, wakauawa, na mwaka 2018 walitangazwa wenye heri huko Oran. Tazama ile karamu ya jioni: divai chupa mbili, kaseti ya muziki wa Tchaikovsky, na kamera inapita uso kwa uso. Hakuna anayesema neno. Wanacheka, kisha polepole nyuso zinabadilika. Nimeirudia mara nne, na kila mara natazama uso mwingine.

Sikuombi uniambie umeamini nini baada ya hapo. Ukiwa na swali, uliza, hata kwa sauti ya sokoni.

Kifurushi kinaondoka na basi la kesho asubuhi, kipokee stendi jioni, kimeandikwa namba yako. Asali ni ya mizinga ya babu, tumerina wiki iliyopita. Kifuniko cha chupa hakikazi vizuri, kwa hiyo nimeifunga na nailoni mbili na kuisimamisha kando ya kitabu. Ukikuta Augustino ana utamu kurasa za mwanzo, mfute na kitambaa chenye maji. Bonge la njano lililo kwenye gazeti si sabuni. Linuse kwanza.

Baba yako