Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bangili ya Kimisri na Suala la Kioo

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Mikutano ya robo mwaka iliitishwa, banda la Sabasaba tulilipata, mafunzo kwa wapya yaliendelea, na misiba na harusi tulishiriki kama desturi yetu. Kwa mkupuo: mapato sh. 4,860,000, matumizi sh. 4,395,000, wanachama 46, waliolipa ada kamili 19. Mchanganuo anao mhazini.

Nahitaji nafasi zaidi kwa suala la bangili ya Kimisri, ile pana ya shanga tunayoiuza, kwa kuwa limejadiliwa sana kwenye kundi la WhatsApp na wale wale ambao mkutanoni hawakuonekana. Mkutano wa kuamua uliitishwa kwa taarifa ya wiki mbili. Waliofika ni 11, akidi haikutimia, na katiba yetu inaruhusu kamati kuamua panapokuwa na haraka. Haraka ilikuwepo: oda ilikuwa mezani. Kwa hiyo anayesema mwenyekiti aliamua peke yake aisome katiba kwanza.

Kamati ilikubali pendekezo langu la mambo mawili: kuziweka kando shanga zote zilizoitwa “feruzi” (jiwe la thamani la bluu-kijani) zilizokuwa stoo na kutumia shanga za kioo, na kuacha kutungia lastiki.

Zile shanga hazikuwa feruzi. Zilikuwa haulaiti, jiwe jeupe lenye vinyweleo, linalokunywa rangi kirahisi. Chungulieni ndani ya tundu: pale kekee ilipopita baada ya kutiwa rangi, ni peupe. Pamba iliyoloweshwa asetoni ikisuguliwa juu yake ilitoka na bluu mbele ya kamati nzima. Jasho na manukato hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Rangi huhamia kwenye uzi, kisha kwenye mkono wa kanzu ya mteja. Nani angepokea simu ya malalamiko? Mimi.

Walionung’unika kwamba kioo “si asili ya Kimisri” wajue kuwa Wamisri wenyewe walikitumia. Kwenye barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922, nyusi ni lapis lazuli, jiwe la bluu iliyokoza, lakini ile michirizi ya bluu ya kilemba ni kioo. Lapis ilitoka mbali, Badakhshan huko Afghanistani. Feruzi ilichimbwa Sinai. Kioo na fayansi, yaani bonge la mchanga wa kwatzi lililochomwa likang’aa, vilishika nafasi ya mawe hayo hata kwa wafalme. Kioo cha rangi ya ndani kwa ndani hakichuji. Kile kilichopakwa rangi ndani ya tundu tu hatukinunui, kwani uzi hukikwangua.

Mfano tulioufuata ni bangili pana za Sithathoryunet, binti wa kifalme wa Nasaba ya 12 ya Misri ya kale, zilizochimbuliwa Lahun, Misri, mwaka 1914: safu za akiki nyekundu na feruzi zilizoshikwa na vigawanyo vya dhahabu. Mchoro wa vipimo niliuandaa mimi, na naomba kumbukumbu zioneshe hivyo. Safu ni 5. Vigawanyo ni 7, vipande vyembamba vya shaba ya njano vyenye matundu 5 na unene wa milimita 2. Kati yake kuna vyumba 6, kila chumba shanga 6 za milimita 4 kwa kila safu. Jumla shanga 180: 60 bluu iliyokoza, 60 nyekundu ya akiki, 60 za rangi ya feruzi. Pamoja na kifungo cha sentimita 2, urefu unafika sentimita 17.8, unaofaa kifundo cha mkono chenye mzunguko wa sentimita 16 na kidogo. Bangili pana haivaliki ikikaba, ndiyo maana nyongeza ya sentimita 1.5 juu ya mzunguko huo haipunguzwi.

Umbali kati ya matundu ya kigawanyo lazima uwe milimita 4, katikati hadi katikati. Waliotumia vya milimita 3 waliona safu zikisukumana na kupanda mgongo. Pangeni shanga kwa ukubwa kabla ya kutunga; sita zisipotimiza milimita 24, kigawanyo kinalala upande.

Lastiki tumeiacha kwa sababu inasagwa kwenye kingo za shaba kila bangili inapovutwa. Sasa ni uzi wa kuvulia uliosukwa, wa milimita 0.2, kila safu na uzi wake wa sentimita 60 uliokunjwa mara mbili, yaani mita 3 kwa bangili; safu moja ikikatika, nne zinabaki. Hata uzi huu utakatwa kama matundu hayakupigwa tupa ya duara pande zote mbili. Kabla ya kufunga fundo, zungusheni bangili kwenye chupa yenye kipenyo cha sentimita 5, uzi ulegee kidogo. Ukifunga ikiwa imelala mezani, haitakunjika. Supagluu marufuku kwenye fundo: uzi unakakamaa na kukatika hapo hapo.

Ni kweli gharama ya bangili ilipanda kutoka sh. 6,500 hadi sh. 9,200. Ni kweli pia kwamba tangu hapo hakuna hata moja iliyorudishwa.

Wapo wanaotaka tutengeneze fayansi yenyewe. Inataka mchanga wa kwatzi uliosagwa, chokaa kidogo, shaba kwa ajili ya rangi, na natroni, ndugu wa karibu wa magadi yetu. Chumvi hupanda juu bonge linapokauka na ndiyo huwa ng’arisho kwenye moto wa nyuzijoto 900 hivi za Selsiasi. Ukiigusa shanga ikikauka, alama ya kidole inabaki kipara. Tanuru ya moto huo hatuna, na kwa ada za watu 19 sioni itatoka wapi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupanua soko na pengine kufufua mfuko wa kukopeshana. Kamati italitazama.

Wadaiwa 27 wamwone mhazini. Aliyeazima tupa ya duara ya chama airudishe stoo. Vigawanyo vya oda inayofuata vimekaa bila kusuguliwa.

Mwenyekiti